Kugeuza ghala la korosho kuwa nyumba ya kuishi

Ukishika barabara ya Mtwara kwenda Newala, au ukizunguka vijiji vya Tandahimba na Masasi, utaona maghala ya wakulima yamepigwa kufuli mwaka mzima. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hana sababu ya kulaza mzigo nyumbani miezi mingi: anapima AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), korosho zinapelekwa ghala kuu, mnada unapigwa. Lile ghala alilojenga mzee kwa jasho lake limebaki na mapipa, magunia yaliyooza na panya. Pembeni yake, kijana mwenye mke na watoto watatu amepanga vyumba viwili mjini.

Mimi na mke wangu tulilichukua ghala la baba. Mita 12 kwa 8, tofali za saruji, paa la bati, mlango mmoja mkubwa na vitundu vya hewa juu ya ukuta. Tunaishi humo mwaka wa nne sasa. Ninayoandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu aniambie kabla sijashika nyundo, na la kwanza ni hili: ghala lilijengwa kwa ajili ya gunia. Gunia halitaki dirisha, halinywi maji, halikohoi. Kwa hiyo kazi yako kubwa haipo kwenye rangi na vigae. Ipo kwenye dawa zilizolala sakafuni, kwenye hewa na kwenye maji.

Panga kazi kwa kalenda ya kwetu

Tatizo la huku kusini ni kwamba pesa na mvua vinaingia pamoja. Minada inaanza Oktoba, malipo yanafika Novemba na Desemba, na mvua nazo zinafungua. Mtu ana fedha mfukoni, anaezua paa Desemba, halafu kuta zinalowa hadi Aprili. Usifanye hivyo.

Desemba itumie kwa ukaguzi. Ukiridhika na ulichokiona, nunua vitu visivyoharibika: bati, nondo, mbao, mabomba. Saruji iache dukani, kwa sababu ikikaa miezi mitatu kwenye unyevu wa huku inaanza kushika mabonge, na saruji yenye mabonge haina nguvu hata ukiiponda. Fedha yake itenge mahali ambapo hutaigusa. Mei mvua ikikatika, anza kazi. Elewana na fundi mapema, tena kwa tarehe, maana Juni hadi Agosti mafundi wengi wako kwenye mikorosho yao wanapulizia, na Oktoba wanaokota. Ukilegea, utabaki na ukuta nusu.

Hatua ya 1: Maliza suala la umiliki

Kwetu Wamakonde, na kwa majirani zetu Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa desturi unafuata upande wa mama. Maana yake ni kwamba ghala la baba yako linaweza kuwa na wadai usiowategemea: watoto wa shangazi yako, ambao kwa desturi ndio warithi wa mjomba wao. Leo wamenyamaza kwa sababu ni ghala bovu. Siku likiwa na madirisha ya alumini na taa, watakumbuka.

Kaeni kikao. Waite shangazi, watoto wao, wajomba na ndugu zako wa kike na wa kiume. Andikeni muhtasari, kila mmoja atie saini au dole gumba, na mtendaji wa kijiji awepo. Baada ya hapo omba hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kama eneo lenu limeshaingia kwenye mji mdogo au limepimwa viwanja, ulizia kibali cha ujenzi kwenye halmashauri ya wilaya kabla ya kugusa ukuta.

Kuna watu wanauziwa maghala ya zamani ya ushirika. Mali ya chama ni ya wanachama. Mwenyekiti na katibu hawawezi kukuuzia wao wawili chini ya mwembe. Dai kuuona muhtasari wa mkutano mkuu wa wanachama na uende kwa afisa ushirika wa wilaya kuuhakikisha.

Hatua ya 2: Kagua wakati mvua inanyesha

Ghala kavu linaficha kila kitu. Ingia ndani mvua ikiwa kubwa, ukiwa na tochi na chaki. Zungushia chaki kila mahali panapovuja na kila mahali ukuta unapolowa. Ukuta unaolowa kutoka juu ni tatizo la paa, hilo ni jepesi. Unaolowa kutoka chini, sentimita 30 au 50 juu ya sakafu, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini, na huo ndio utakaokula lipu yako kila mwaka.

Nyufa zipime kwa lipu. Paka kiraka chembamba cha saruji juu ya ufa, kiandike tarehe kwa msumari kabla hakijakauka, kiache hadi Mei. Kisipopasuka, ufa ni wa zamani na umetulia. Kikipasuka, msingi bado unatembea, na hapo mwite fundi mwenye uzoefu wa misingi kabla hujatumia shilingi nyingine.

Panda juu na bisibisi. Choma kila mguu wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) pale unapokalia ukuta, maana mchwa wa huku hupandia ndani ya ukuta na kutokea hapohapo. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, ubao huo umekwisha hata kama kwa nje unang'aa. Kenchi zikiwa mbovu na kuta zikawa zinatembea, ushauri wangu ni kubomoa, kuokoa tofali na kujenga upya. Likiwa bovu moja kati ya hayo mawili, endelea.

Paa likiwa la shiti za kijivu za mawimbi, ngumu, zinazofanana na saruji, simama hapo kwanza. Maghala mengi ya zamani yaliezekwa kwa asbesto. Usiivunje, usiikate, usiitoboe, wala usikinge maji yake ya kunywa. Vumbi lake linaleta maradhi ya mapafu na saratani, na huonekana baada ya miaka mingi. Waulize wataalamu wa mazingira wa halmashauri namna ya kuishusha.

Hatua ya 3: Toa salfa, na uitoe yote

Karibu kila ghala la mkulima wa korosho limehifadhi salfa, ule unga wa manjano wa kupulizia ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), pamoja na dawa za maji za kuua wadudu. Ukiona sakafu au ukuta una umanjano usiotoka kwa ufagio, ndiyo hiyo.

Sisi tulifagia tu. Tukamwaga sakafu mpya nyembamba juu ya ile ya zamani, tukapaka rangi, tukahamia. Usiku wa mvua kubwa ya kwanza mke wangu aliniamsha: "Baba watoto, unasikia hiyo harufu?" Chumba cha watoto kilikuwa kinanuka kama siku ya kupulizia. Mdogo alikohoa hadi asubuhi. Baada ya wiki chache sakafu ya kona ile ikaanza kufura na kumenyeka, na misumari ya fremu ya mlango ilikuwa imeliwa na kutu. Salfa ikikaa kwenye unyevu, vijidudu vya ardhini huigeuza polepole kuwa tindikali, na tindikali hiyo inakula chuma na saruji pamoja. Tulivunja chumba kizima tukaanza upya.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya usafi kwisha, mtu asichomelee chuma wala kukata kwa mashine humo ndani, kwa sababu vumbi la salfa linashika moto kwa cheche moja na moshi wake unachoma mapafu. Toa kila kitu nje. Fungua mlango na toboa vitundu vya hewa vilivyozibwa, acha siku mbili. Vaa barakoa, miwani, glovu na mikono mirefu. Watoto wasiwepo kabisa.

Usifagie kukavu. Maji matupu hayasaidii, salfa inaelea juu yake. Changanya maji na sabuni ya unga, nyunyiza, subiri ilowe, kisha kwangua kwa beleshi na jaza kwenye mifuko. Usiichome na usiimwage karibu na kisima au bwawa. Salfa iliyo kavu kwenye mfuko wake mzima mpe mkulima aitumie msimu ujao. Dawa za maji zilizopitwa na wakati mwulize afisa ugani zipelekwe wapi. Chupa zake zitoboe ili asitokee mtu wa kuwekea mafuta ya taa.

Ukutani, piga brashi ngumu hadi pale umanjano unapoishia. Lipu inayotoka unga ukiikwaruza kwa msumari ibandue yote. Halafu paka chokaa, mara mbili, ukutani na sakafuni, kwa sababu chokaa inapoza tindikali. Linda macho, nayo inachoma.

Kama humo ndani walikuwa wanabangulia korosho, tafuta madoa meusi yanayonata. Hayo ni mafuta ya maganda. Yanababua ngozi na lipu haishiki juu yake. Sehemu hiyo ichimbwe itolewe. Na zile chaga zilizobeba magunia na dawa usizitengenezee kitanda cha mtoto, hata kama mbao zake zinatamanisha.

Hatua ya 4: Paa

Bati la ghala mara nyingi limeoza kwenye misumari tu. Kama mashimo ni machache na bati bado gumu, badilisha misumari na mpira wake, badilisha kofia, basi. Ukinunua jipya, kumbuka namba ndogo ndiyo nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Kwa aliye karibu na bahari, Lindi mjini, Mikindani au Msimbati, ongeza fedha uchukue nene yenye rangi, chumvi haina huruma.

Kisha funga paa na ukuta. Maghala mengi kenchi zake zimekalishwa tu juu ya tofali, uzito wa bati ndio unazishika. Pwani yetu si ya vimbunga kila mwaka, lakini Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na Mei 2024 Hidaya ilifika pwani ya Tanzania, mvua zake zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Upepo hauliondoi paa kwa kulisukuma, unalinyanyua. Toboa ukuta tofali tatu chini ya kenchi, pitisha nondo ya milimita 6 au waya mnene wa mabati, uzungushe juu ya kenchi na ukaze. Kila kenchi, pande zote mbili. Ni kazi ya siku mbili.

Joto lishughulikie sasa, kabla ya dari. Acha matundu kwenye pembetatu za kuta za mwisho, uzibe kwa wavu mdogo ili panya na popo wasiingie. Hewa ya moto kati ya bati na dari itoke. Bila matundu hayo dari inakuwa kifuniko cha sufuria.

Hatua ya 5: Fungua madirisha bila kuangusha ukuta

Kusi inavuma kutoka kusini mashariki miezi ya Aprili hadi Oktoba, kaskazi inatoka kaskazini mashariki kuanzia mwisho wa mwaka. Madirisha ya ukuta wa mashariki yatapata pepo zote mbili, ila hewa haiingii chumba kisicho na pa kutokea. Kila dirisha lipe mwenzake upande wa pili, au tundu la juu.

Ukuta wa ghala ndio unaobeba paa, na mara nyingi hauna mkanda wa zege juu. Niliwahi kumkuta fundi mmoja kijiji cha jirani ametoboa madirisha manne siku moja, ukuta mrefu umetoa tumbo nje, wenyewe wanaushikilia kwa boriti. Utaratibu salama ni huu.

Mwaga lenta, ile boriti ya zege inayokaa juu ya dirisha, chini, kwenye mbao. Kwa dirisha la mita 1.2, lenta iwe mita 1.6, ili ikae sentimita 20 kila upande. Kimo na upana sentimita 15, nondo nne za milimita 12, ringi za kuzifunga pamoja kila sentimita 20. Mwagilia asubuhi na jioni siku 14. Itakuwa na uzito wa karibu kilo 90, andaa watu wanne.

Egemeza kenchi za juu ya eneo hilo kwa boriti zilizokalia ubao mpana sakafuni. Kata mfereji wa lenta peke yake, juu ya mahali dirisha litakapokuwa. Ingiza lenta, pima kwa pima maji, jaza nafasi iliyobaki juu yake kwa mota (saruji na mchanga) kavukavu ukiishindilia kwa kijiti hadi isiingie tena. Acha siku saba. Ndipo utoe tofali za chini, kwa patasi, kutoka juu kwenda chini, bila nyundo kubwa. Usikaribie kona kwa chini ya sentimita 60, na usifungue dirisha la jirani kabla hili halijakamilika. Madirisha sita yalituchukua karibu miezi miwili, na ukuta haukupata hata ufa wa unywele.

Ule mlango mkubwa wa ghala usiuzibe. Ingiza ukuta mpya mita moja na nusu ndani, weka mlango wa kawaida hapo, na nafasi iliyobaki iwe baraza. Wageni wa jioni wanakaa hapo, mvua haiwafikii.

Hatua ya 6: Sakafu

Tandika kipande cha nailoni cha mita moja sakafuni, bandika kingo zake kwa utepe wa gundi, kiache siku mbili. Ukikuta jasho chini yake, sakafu inapitisha unyevu. Za maghala nyingi zinapitisha, ndiyo maana magunia yalikaa juu ya chaga.

Chimbua juu sentimita 2 au 3 palipokuwa na salfa, safisha, paka chokaa. Tandaza nailoni nzito, kila kipande kikilalia kingine sentimita 30, na uipandishe ukutani kimo cha jamvi jipya, yaani tabaka jipya la zege la sakafu. Juu yake mwaga zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 7.5. Kwa ghala la mita 12 kwa 8 ni mita za ujazo 7.2, na kila mita ya ujazo inakula mifuko 6 hadi 7 ya kilo 50, kwa hiyo hesabu mifuko kama 47. Mwaga chumba kwa chumba, funika kwa magunia mabichi wiki nzima.

Kuta za ndani zifuate baada ya hapo. Tofali za kulaza za inchi 6 ni nzito kwa jamvi lisilo na msingi. Tumia tofali nyembamba au fremu za mbao, na uzifunge kwenye ukuta wa nje kwa vipande vya nondo. Vyumba vitatu, sebule na korido vilitutosha.

Jiko la kuni na mkaa libaki nje, kwenye banda lake. Choo pia, shimo likiwa angalau mita 30 kutoka kisimani na upande wa chini wa mteremko. Umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), apitishe waya kwenye mabomba, asiukunje juu ya kenchi wazi; panya wa ghala hawahami siku moja na magunia.

Hatua ya 7: Maji ya paa

Aliyekulia juu ya Uwanda wa Makonde anajua ndoo ya maji ina thamani gani Oktoba. Paa la ghala ni kubwa kuliko la nyumba nyingi za kijijini, na hiyo ndiyo zawadi ya jengo hili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu la mita za mraba 96, kwa msimu wa milimita 900, ukipunguza moja ya tano kwa yanayopotea, linatoa lita zinazokaribia 69,000. Familia inayotumia lita 100 kwa siku inahitaji lita 18,000 kwa miezi sita ya kiangazi. Weka matenki ya kutosha hizo 18,000 kwanza. Ukianza na la 5,000 ongeza kila msimu wa korosho. Yakalishe juu ya zege, yafunike, na mdomo wa bomba uzibe kwa wavu wa mbu. Ya kunywa yachemshwe.

Matawi ya mkorosho yanayolalia bati yakate. Na kama nyumba imezungukwa na mikorosho, kumbuka kuwa bati limepokea salfa na dawa tangu Juni. Mvua za kwanza za Novemba geuza bomba la gata limwage shambani. Weka ndoo nyeupe chini yake, iache itulie saa moja, halafu angalia chini. Mvua ya kwanza utakuta unga wa manjano umekaa kama pumba, ya pili unapungua. Ikifika siku ndoo inaonyesha weupe wake hadi chini, rudisha bomba kwenye tenki.